MTOTO AULIZAPO "KWA NINI?"



Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara huiona milima ya Udzungwa mkono wake wa kulia karibu safari nzima. Hupita Kidatu penye bwawa la umeme, akayapita mashamba ya miwa, akapita Sanje, Mang'ula na Kiberege, ndipo bonde la mto Kilombero linapomfungukia: tambarare ya mpunga ambayo jicho halioni mwisho wake. Ikiwa amefika wakati mpunga unapoanza kukomaa, ataona katikati ya mashamba madungu yaliyojengwa kwa miti, na juu ya dungu pengine yuko mtoto. Kazi ya mtoto huyo ni kuamia ndege. Silaha yake ni kombeo, au debe bovu, au sauti yake tu. Toka alfajiri hata magharibi macho yake yako angani.

Mtoto huyo huona mambo mengi. Ajua ndege hushuka saa ngapi na hutokea upande gani. Ameona mto ukipanda na kufurika siku ambazo shambani kwao halikudondoka hata tone moja la mvua. Basi jioni, akiwa kando ya moto pamoja na mama yake, huuliza: "Mama, kwa nini mto unajaa na hapa kwetu mvua haikunyesha?"

Hilo ni swali la elimu. Jibu lake liko kule milimani, ambako mvua hunyesha na vijito vingi vikashuka kuulisha mto. Mtoto amekwisha fika nusu ya njia kwa macho yake mwenyewe, naye aomba msaada wa nusu iliyobaki. Lakini mama amechoka, na baba anawaza deni la mbegu. Jibu linalotoka ni moja: "Nyamaza! Mtoto gani huyu mwenye maneno mengi?"

Ndugu msomaji, neno lile dogo huonekana kama si kitu. Limetamkwa na mzazi anayempenda mwanawe, naye kesho yake amekwisha lisahau. Lakini mtoto halisahau. Akiambiwa hivyo mara mia, hujifunza somo ambalo hakuna mwalimu atakayeweza kulifuta kwa urahisi, nalo ni hili: kwamba kuuliza ni kosa. Makala hii yataka kueleza kwamba somo hilo si la Uislamu, na kwamba sisi tulioifikia kweli kwa njia ya kuuliza tutakuwa na hesabu nzito mbele ya Mwenyezi Mungu ikiwa tutawafungia watoto wetu mlango ule ule tuliopitia.

Umbile aliloumbiwa mtoto

Mtume wetu mtukufu Muhammad s.a.w. amefundisha kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya umbile safi la asili, kisha wazazi wake ndio wamfanyao Myahudi, au Mkristo, au Majusi. Hadithi hii imo katika Sahihi Bukhari, nayo yajulikana na wengi. Lakini mara nyingi twaisoma kana kwamba inawasema watu wengine. Twaitumia kuwaonyesha Wayahudi na Wakristo makosa yao, tukasahau kwamba yaliyotajwa humo ni mamlaka ya mzazi, na mamlaka hayo yamo mikononi mwetu pia. Mzazi aweza kulikuza umbile lile, naye aweza kulipinda.

Je, katika umbile lile mna nini? Kurani Tukufu yatuambia katika sura ya Bani Israil kwamba tusilifuate jambo ambalo hatuna ujuzi nalo, kwa maana sikio, jicho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa (17:37). Tazama, vitu vitatu hivi havinunuliwi dukani wala havitolewi na serikali. Mtoto huzaliwa navyo. Mtoto wa dunguni anavyo sawasawa na mtoto wa Dar es Salaam. Kila mara mtoto aulizapo "kwa nini?", sikio, jicho na moyo wake vinafanya kazi ile ile ambayo vitaulizwa kwayo. Basi amzuiaye mtoto kuuliza amzuia kuitumia amana aliyopewa na Mola wake.

Wako watakaojibu kwa methali ya wazee: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ni njema ikiwa maana yake ni kwamba malezi yaanze mapema. Lakini na tuitazame vizuri. Samaki akunjwaye, ingawa ni mbichi, amekwisha kufa. Samaki aliye hai hakunjiki, huogelea. Mwenyezi Mungu hakutupa watoto ili tuwakunje kama samaki wa kuokwa, bali ametupa roho zilizo hai ili tuzielekeze penye maji mema.

Pale ukimya unapoua

Pengine msomaji atasema kwamba jambo hili ni la wasomi, nasi watu wa jembe latuhusu nini? Hebu tutazame yaliyotokea hapa hapa katika bonde la Kilombero.

Kwa vizazi vingi bonde hili lilikuwa miongoni mwa mahali palipoteswa mno na malaria. Mtoto mdogo alishikwa na homa, kisha akaanza kutetemeka viungo na kugeuza macho. Watu waliuita ugonjwa huo degedege. Ilikuwa ni imani iliyoenea hapa, kama ilivyoenea Pwani, kwamba degedege haina uhusiano na mbu. Kwamba huletwa na pepo, au na ndege apitaye usiku. Tena wengi waliamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Basi mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa na kuogeshwa dawa, na saa zikapita. Wengine walipofika hospitalini walikuwa wamechelewa, wakafa; na kifo kile kikahesabiwa kuwa ni ushahidi kwamba sindano huua! Hivyo ndivyo kosa linavyojilinda: hujizalia ushahidi wake lenyewe.

Wazazi wale hawakuwa wabaya. Waliwapenda watoto wao kama sisi tuwapendavyo wetu. Kosa lilikuwa moja tu, kwamba walilichukua jambo kubwa kama walivyolikuta kwa wazee wao, wala hawakulipima. Kurani Tukufu imelitaja kosa hili waziwazi. Imesema kwamba watu waitwapo kufuata aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu, hujibu kwamba wao watafuata waliyowakuta nayo baba zao. Kisha yauliza, je, hata kama baba zao hawakuwa wakifahamu lo lote wala hawakuongoka? (2:171).

Na katika bonde hili hili mlango wa kuuliza ulipofunguliwa, matunda yake yalionekana. Mwaka 1957 ilianzishwa Ifakara maabara ndogo ya uchunguzi wa magonjwa, chini ya taasisi ya Uswisi, nayo ndiyo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo inaendeshwa na wataalamu wa Kitanzania na kujulikana duniani kote. Kazi yao ni nini ila kuuliza? Je, mbu huuma saa ngapi? Huingilia wapi? Huzaana katika maji gani? Katika miaka ya 1990 walipeleka vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 27. Watoto hao leo ni watu wazima. Baadhi yao, yamkini, wanaisoma makala hii.

Basi jiulize, ewe mzazi: mwanao akirudi kutoka shuleni na kusema, "Baba, mwalimu amesema degedege yaweza kuwa malaria," utamjibu nini? Ukimwambia, "Je, wewe wajua kuliko babu yako?" umeilinda heshima ya babu, lakini huenda umempoteza mjukuu.

Nabii aliyeuliza, na nabii aliyemwuliza mwanawe

Wako wanaodhani kwamba katika mambo ya dunia kuuliza ni kuzuri, lakini katika mambo ya dini swali ni alama ya udhaifu wa imani. Na tumtazame Nabii Ibrahim a.s., baba wa manabii.

Ibrahim a.s. alikulia katika nyumba na mji wa waabudu masanamu. Aliwauliza watu wake kuhusu masanamu waliyokuwa wakiyakalia kwa ibada, nao hawakuwa na jibu ila kwamba waliwakuta baba zao wakiyaabudu (21:53-54). Tena baada ya kupewa unabii, alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Mwenyezi Mungu alimwuliza kama haamini. Naye akajibu kwamba aamini, lakini ataka moyo wake utulie (2:261). Je, Mwenyezi Mungu alimkaripia? Hasha. Alimjibu kwa mfano wa ndege wanne. Angalia vema: Mwenyezi Mungu hakuliona swali la mwenye kuamini kuwa ni utovu wa adabu.

Na kisa hakikuishia hapo. Nabii yule aliyeruhusiwa kumwuliza Mola wake akawa baba, naye akaota kwamba anamchinja mwanawe. Kila mwaka katika Idi twakikumbuka kisa hiki, lakini ni wachache wanaotua penye neno moja lililomo ndani yake. Ibrahim a.s. hakumkamata mtoto usingizini, wala hakumfunga kamba kwa hila. Alimweleza ndoto yake, kisha akamtaka atazame na kutoa rai yake (37:103). Naam! Baba mzee, nabii wa Mwenyezi Mungu, katika jambo kubwa kuliko yote, alimwuliza mtoto maoni yake. Na kwa kuwa Ismaili a.s. aliulizwa, jibu lake likawa la kwake mwenyewe. Kujitoa kwake kukawa ni ibada. Kama angaliburutwa kwa nguvu, sijui tungalikuwa na nini cha kukumbuka katika siku ile.

Tena tusome mwisho wa sura ya Furqan. Humo Mwenyezi Mungu ataja sifa za waja wake wa kweli, na mojawapo ni kwamba wakumbushwapo ishara za Mola wao hawaziangukii kama viziwi na vipofu (25:74). Aya ifuatayo mara moja ni ile dua mashuhuri ya kuomba wake na watoto watakaokuwa kiburudisho cha macho (25:75). Mpangilio huu haukuja ovyo. Mtu asiyezipokea hata ishara za Mungu kwa upofu ndiye mwenye haki ya kutazamia watoto wa kumburudisha macho.

Kwako wewe uliyeingia, na kwako wewe unayechunguza

Sasa nakuelekea wewe, ndugu yangu uliyejiunga na Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya ukitoka katika dini au madhehebu nyingine. Kumbuka siku zile. Ulisoma, au ulisikia, kwamba Nabii Isa a.s. alikufa kama manabii wengine, na kwamba Masihi na Mahdi aliyengojewa amekwisha kuja. Ulikwenda kuuliza. Pengine padri au sheikh wako alikukataza kukisoma kile kitabu. Pengine baba yako alikuambia, "Hii si dini uliyozaliwa nayo." Wengine walikatiwa chakula, wengine walinyimwa urithi. Nawe ulijibu nini? Ulijibu kwamba kila nafsi itasimama peke yake mbele ya Mungu, na kwamba kuwakuta wazee juu ya jambo si hoja.

Jibu lako lilikuwa la haki. Lakini leo wewe mwenyewe umekuwa baba, na mwanao mwenye miaka kumi na mitatu anakuuliza, "Baba, sisi twajuaje kwamba Mirza Ghulam Ahmad a.s. ni mkweli?" Je, utamjibu kwa hoja zile zilizokuleta wewe, au utamjibu kwa maneno yale yale uliyoambiwa na baba yako? Ukimwambia, "Sisi ni Waahmadiyya, basi," umemrudisha mahali pale pale ulipotoka, ingawa umebadilisha jina la mahali. Imani uliyoinunua kwa machozi hairithiwi kama shamba la mpunga. Mtoto aweza kurithi jina la Ahmadiyya, lakini yakini hana budi kuitafuta mwenyewe, nawe huna budi kumshika mkono.

Na wewe, msomaji ambaye ungali unachunguza, hatukuombi uache kuuliza. Uliza zaidi. Seyidna Ahmad a.s. aliwataka watafutao kweli wasome, wapime, kisha wasimame usiku na kumwomba Mwenyezi Mungu mwenyewe awaonyeshe njia. Aliye na hofu ya swali hawezi kutoa shauri kama hilo.

Shauku huambukizwa

Mtoto hapendi anachoambiwa akipende. Hupenda anachoona wakubwa wake wakikipenda. Ni watoto wangapi katika nchi yetu waliopima kwa akili kabla ya kuwa Simba au Yanga? Mtoto hujikuta Yanga kama alivyojikuta na jina lake, kwa kuwa alimwona baba yake akiruka mbele ya redio. Mchezo si dhambi. Lakini ikiwa baba ataja majina ya wachezaji wote kumi na mmoja, na ukimwuliza hotuba ya Ijumaa iliyopita ya Hadhrat Khalifatul Masih ilihusu nini hana habari, basi mtoto amekwisha fahamu ni jambo gani lenye uzito nyumbani mwao. Hakuna haja ya kumhubiria.

Shauku ya elimu nayo huambukizwa vivyo hivyo. Mwaka 1979 watafiti wawili katika msitu ulio juu ya Sanje walisikia mlio wa mnyama ambao hawakuutazamia. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza aliujua mara moja: ni mlio wa ngolaga. Wanakijiji walimjua kima huyo tangu zamani, lakini vitabu vya wataalamu vilikuwa havimjui kabisa! Leo dunia nzima yatambua kwamba ngolaga wa Sanje hapatikani po pote ila katika milima hii ya Udzungwa. Mtu yule alijifunza wapi? Hapana shaka alijifunza utotoni, kwa wakubwa waliosikiliza msitu. Je, wazazi wa leo tunawaonyesha watoto wetu ndege na miti na nyota tukiwataka wataje majina yake na kueleza tabia zake? Au twadhani kwamba elimu ni ile tu iliyomo ndani ya daftari?

Katika mwaka ule ule wa 1979, Profesa Abdus Salam, Mwahmadiyya aliyekulia katika mji mdogo wa Jhang katika Punjab, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na wenzake wawili. Baba yake hakuwa tajiri. Alikuwa mtumishi katika idara ya elimu. Mwanawe alipokuwa na umri wa miaka 14, mwaka 1940, alivunja rekodi ya alama katika mtihani wa Chuo Kikuu cha Punjab. Na aliposimama kusema katika karamu ya tuzo kule Stockholm, alizitaja zile aya za sura ya Mulk ambamo Mwenyezi Mungu amwita mwanadamu atazame uumbaji Wake, kisha arudishe jicho tena, na tena, kama ataona kasoro (67:4-5). Kwake yeye aya hizo zilikuwa ndiyo imani ya kila mchunguzi wa fizikia. Amri ya kurudisha jicho tena imetolewa na Mungu. Kwa nini basi sisi tuikatae kwa watoto wetu?

Shule na fimbo

Shule nayo ina sehemu yake. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alitaka shule zikuze akili yenye kudadisi, mtoto aweze kujifunza kwa wengine na kukubali au kukataa kwa kupima. Tangu wakati ule madarasa yameongezeka sana. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini dawati lililojaa si akili iliyoamka.

Vitu viwili huifunga akili ya mtoto shuleni. Cha kwanza ni lugha. Mtoto aliyekuwa akiuliza kwa Kiswahili darasa la saba huingia kidato cha kwanza akakuta karibu masomo yote kwa Kiingereza. Maswali hayakumwishia moyoni. Maneno ndiyo yamemwishia. Basi hunyamaza na kukariri. Mzazi asiyejua Kiingereza asidhani kwamba hana la kufanya. Amwambie mwanawe jioni: "Nieleze kwa Kiswahili mliyofundishwa leo." Asiyeweza kueleza hajafahamu, na kwa kueleza atafahamu. Jumuiya yetu ililitambua jambo hili zamani. Tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili ilipotolewa mwaka 1953, wengi walilalamika. Lakini mtu hawezi kulifikiri neno asilolielewa. Kukariri Kiarabu cha Kurani ni thawabu, na kuijua maana yake ndiko kunakoiingiza moyoni.

Cha pili ni fimbo. Kanuni za serikali za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko visivyozidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Lakini sote twajua kwamba mtoto aweza kuchapwa kwa kukosea hesabu, au kwa kuuliza lililokwisha elezwa. Fimbo haifundishi hesabu. Hufundisha kuficha kwamba hujui. Seyidna Ahmad a.s. alichukizwa mno na tabia ya kuwapiga watoto, hata akaihesabu kuwa ni kama aina ya shirki, kwa maana apigaye kwa hasira hujifanya mshirika wa Mungu katika kazi ya kuongoza. Alitaka wazazi waelekeze nguvu zile katika kuwaombea watoto wao. Basi tusiilaumu shule peke yake ikiwa fimbo ya nyumbani ni ndefu kuliko ya shuleni.

Je, adabu haitapotea?

Hofu hii ni ya kweli, nayo haifai kudharauliwa. Mtoto mbishi, anayejibizana na wakubwa ili ashinde tu, ni balaa. Lakini ubishi si swali. Mbishi amekwisha amua. Mwulizaji ataka kujua. Ibrahim a.s. alipompinga baba yake katika jambo la masanamu, kila alipofungua kinywa alianza kwa kumwita "Ewe baba yangu", mara nne mfululizo (19:43-46). Alikataa itikadi ya baba, wala hakumvunjia baba heshima. Hivyo ndivyo tunavyopaswa kuwafundisha watoto: namna ya kuuliza, si kuacha kuuliza.

Tena aibu iliyozidi nayo ni hasara. Siku moja Mtume s.a.w. aliwauliza masahaba zake kitendawili, kuhusu mti ambao majani yake hayapukutiki, nao wafanana na Mwislamu. Abdullah bin Umar r.a., aliyekuwa kijana mdogo barazani, alitambua kwamba ni mtende, lakini aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye alipomweleza baba yake, Hadhrat Umar r.a. hakumsifu kwa kunyamaza. Alimwambia kwamba kama angalisema, lingalimpendeza kuliko kupata mali nyingi. Huyo ndiye Umar, aliyeogopwa na wafalme! Naye alitamani mwanawe aseme.

La kufanya

Basi, ndugu msomaji, tuanze kwa machache. Kwanza, mtoto akiuliza, na asikilizwe mpaka amalize. Nawe usipojua, sema "sijui, tutauliza," kisha kweli muulize pamoja. Neno "sijui" halimpunguzii mzazi heshima. Uwongo ndio umpunguziao. Pili, umpapo amri, mpe na sababu, kama Luqman alivyompa mwanawe sababu alipomkataza shirki (31:14). Tatu, wakati wa kuhamia mashambani usimtoe mtoto shuleni bila kusema na mwalimu wake. Na akikaa dunguni, akae na kitabu. Nne, apelekwe katika mikutano ya Atfal na Nasirat, ambako ataulizwa na kuuliza pamoja na wenzake.

Tano, uwe tayari kumpa Mungu mtoto, kisha umwache mtoto ajitoe mwenyewe. Mwaka 1987 Hadhrat Khalifatul Masih IV r.h. alipoanzisha mpango wa Waqf-e-Nau, wazazi walialikwa kuwatoa watoto wao kwa ajili ya dini kabla hawajazaliwa. Lakini mtoto huyo afikapo umri wa miaka 15 huulizwa yeye mwenyewe kama aikubali ahadi ile. Hiyo ndiyo sunna ya Ibrahim a.s.: baba huota, na mtoto huulizwa.

Jioni ya leo, katika nyumba fulani kando ya mto Kilombero, au nyumbani kwako huko uliko, mtoto atauliza, "Kwa nini?" Usimnyamazishe. Huenda katika swali lile mna tabibu atakayewaponya wengi, au mhubiri atakayewaongoza wengi. Na kama hamna hayo, mna mja mmoja wa Mwenyezi Mungu anayeanza kumtafuta Mola wake.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu sisi na watoto wetu, awajaalie macho yaonayo, masikio yasikiayo na nyoyo zifahamuzo, na awafanye wawe kiburudisho cha macho yetu duniani na akhera. Amin.